Springi ya Pili ya Kaka Issa

Mpendwa kaka yangu Issa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mtu haachi adabu zake kwa sababu mwenzake kafa. Nakuandikia nikiwa na hasira, kwa hiyo vumilia. Ulizoea kunivumilia.

Juzi alinijia kijana mmoja kutoka chuo cha ufundi, anaitwa Baraka. Mpole, ana miwani, anakunywa chai isiyo na sukari kwa hiari yake mwenyewe. Ningependa umwone, sisi tuliopigana vikumbo kwenye foleni ya duka la kaya kwa ajili ya kibaba kimoja cha sukari. Wamelipata gari lako, Issa. Lilikuwa nyuma ya gereji kule Gerezani, kuku wanatagia kwenye kiti nilichokishona mimi. Wamelisafisha, watalisimamisha kwenye ukumbi wao, na ukutani wataweka maelezo ya maisha yako. Alikuja kunisomea ili niseme kama yako sawa.

Alisoma vizuri, nikawa natabasamu, mpaka alipofika mwisho: "Alikuwa wa kwanza mjini kubuni na kuunda gari la mashindano. Kwa bahati mbaya alikosea springi ya mafuta, ile ya kuyafunga dereva anapoinua mguu, na kosa hilo likaizima ndoto yake."

Nikamwambia, "Mwanangu, rudi Ijumaa." Akaondoka akidhani nimechoka. Kesho ndiyo Ijumaa. Nikinyamaza, uongo ule utapigiliwa misumari ukutani na watoto watausoma. Nikisema, itabidi nimtaje mama, ambaye arobaini yake tumeisoma mwezi uliopita. Na wewe uliniapisha.

Acha nianze mbali kidogo, maana kukasirika peke yake hakuandiki barua.

Nakukumbuka ulivyorudi kutoka masomoni Ulaya. Mtaa mzima ulikuja kukupokea, nyumba yetu nyuma ya Msimbazi haikuwa na pa kukanyaga. Mama alifungua sanduku lako akitafuta kanga yake, akakuta bolti, bomba za shaba na mchoro wa gari umefungwa ndani ya shati. Akasema, "Issa, umekwenda nchi ya watu ukaniletea vyuma?" Ukambusu kipaji cha uso, ukasema, "Kanga ipo chini ya vyuma, mama." Na kweli ilikuwepo, ina madoa ya grisi, na aliivaa hivyo hivyo sikukuu ile.

Mchana ulikuwa mhandisi wa karakana ya shirika, unatengeneza maroli. Jioni uani kwetu ulikuwa mwendawazimu. Injini ulipewa na Bwana Kanti wa Upanga, ambaye gari lake lilikuwa limegonga nguzo. Alikwambia, "Chukua bwana, kwangu inakula kutu tu." Bodi alikugongea Fundi Chilumba wa Gerezani, mtu wa kwetu kusini, aliyekuwa anatengeneza koroboi na mabeseni. Nilikuwa nikishona huku nawasikia. Wewe unachora mkunjo chini kwa chaki, yeye analaza bati la pipa juu ya gunia la mchanga, anagonga kwa nyundo ya mti, anainamisha sikio. Likilia vibaya anasema, "Hapa bado linakataa." Mlikuwa mnaelewana bila maneno mengi, nami nilikuwa naona wivu, nakiri.

Na gari lilipokamilika, likagoma kutoka uani. Mhandisi mzima umepima kila kitu isipokuwa mlango wa nyumba yetu! Tukavunja ukuta wa choo. Mama alikununia, lakini mwisho alichukua nyundo akasaidia.

Balozi wetu wa nyumba kumi hakucheka. Alikuja kwenye baraza, akakataa kiti. "Ndugu Issa, watu wanauliza. Gari la watu wawili? Familia ya Mtanzania ina watu wawili? Nchi haina mafuta, wewe unaunda gari la kukimbia. Hiyo ndiyo tabia ya mabwanyenye."

Nilikuona ukijifuta mikono taratibu, na ninajua ukifanya hivyo maana yake una hofu. "Mheshimiwa balozi," ukasema, "gari likiwa jepesi linakunywa kidogo. Hili linakunywa nusu ya kinywaji cha gari la mkurugenzi wetu. Tukilipeleka kwenye mashindano likashinda, nani atathubutu kusema sisi ni watu wa kununua tu? Baada ya hapo tutaunda la watu wanne, la watu sita, lolote mnalotaka. Nimeanza na dogo kwa sababu mabati yalikuwa machache."

Balozi akasema, "Usemi unao. Tutaona." Siku hizo neno "tutaona" lilikuwa linakosesha watu usingizi.

Lakini walikuja kuona kweli. Kamati ikaundwa, wajumbe wa wizara na wa shirika. Gari likifaulu jaribio, utapewa banda na mafundi, uunde mengine. Likishindwa, basi, na ungeulizwa kila bolti uliitoa wapi. Ulikonda wiki zile. Mama akawa anakuangalia unavyokula, na akaanza kusema maneno ya hirizi. Alikwambia wazi, mbele yangu, kwamba kuna mwalimu anaandika vizuri, uvae moja mkononi. Ukacheka. "Mama, gari halina jini, lina injini." Ulicheka vibaya, Issa. Hukukusudia, ila ulicheka kama msomi. Mama akakunja kanga yake akaingia ndani.

Jaribio liliwekwa Jumapili mchana. Enzi zile Jumapili ikifika saa nane gari la mtu binafsi haliruhusiwi kutembea, barabara zinakuwa za watoto na mbuzi, kwa hiyo kamati ilikupa kibali cha peke yako mji mzima. Gari la mashindano linahitaji wawili, dereva na wa kumsomea njia. Ukanichagua mimi, eti kwa sababu ni mwepesi na sijui kunyamaza.

Asubuhi ile nilimkuta mama uani na ndoo, anafuta boneti kwa kanga yake ile yenye grisi. Nikamtania, "Leo mama umekuwa utingo?" Midomo yake ilikuwa inasoma kitu.

Tuliondoka Mnazi Mmoja watu wamejipanga pande zote mbili. Sijawahi tena kuwa na furaha ya namna ile, na sijawahi tena kuogopa vile. Mkanda niliushona mwenyewe kwa turubai na bado sikuuamini. Tukashuka mpaka bandarini, bahari kulia kwetu, gari linalia sauti moja nyembamba, nawe unatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Wajumbe walikuwa wamewekewa viti kwenye kona ya Feri waone unavyopunguza mwendo na kukata.

Nikakusomea, "Kona kushoto, kali." Ukaondoa mguu kwenye mafuta.

Nilikuona ukiuondoa. Goti lako lilipanda juu, na gari halikupungua. Liliendelea kunguruma vile vile. Ukakanyaga breki, likatikisika, likapungua kidogo, kisha likavuta tena. Ukaniangalia mara moja, na usoni pako sikuona hofu, niliona mshangao, maana hesabu zako zote zilikuwa zinalikataa jambo lile. Mbele yetu wanawake wa kukaanga samaki, wachukuzi na matenga kichwani, wajumbe kwenye viti vyao. Hawakukimbia. Walidhani ndivyo gari la mashindano linavyokuja.

"Shika," ukasema. Ukazima ufunguo, ukalikata kulia kwenye mchanga wa pwani, na tukaingia kwenye rundo la kuni za wakaangaji.

Halafu nikasikia mwanamke anapiga kelele, "Jamani, wamekufa!" na mwingine anamjibu, "Hawajafa, yule dada anatukana." Nilikuwa natukana, ndiyo. Damu inanitiririka puani, namtukana kila mtu.

Wewe ulikuwa umeshatoka. Mkono wa kushoto umevunjika, unaning'inia, nawe unafungua boneti kwa wa kulia na kuishikilia kwa bega. Wajumbe walikuwa wanakimbia kuja lakini mchanga unawazuia. Nikakusogelea, na nikaona.

Mahali kabureta inapovuta pumzi palikuwa na kitu kidogo cheusi kimejibana kwenye mkono wa kufungulia mafuta. Springi ilikuwa nzima. Ilikuwa inavuta kwa nguvu zake zote kufunga, na kile kitu kinaizuia. Ukakichomoa kwa vidole, na springi ikafunga palepale, ta! Mimi ni mshona nguo, Issa. Kile kitambaa kilikuwa kaniki, kipande kilichobaki sakafuni kwangu wiki ile, na mshono wa kukizungusha ulikuwa wa mama. Hakuna mwingine anayeshona akirudi nyuma vile.

Hukuwa na mkono wa kukifichia. Ukakitia kinywani.

Halafu ukafanya lile ambalo sijakusamehe. Uliingiza kidole kwenye springi yako, ile uliyoijaribu uani mpaka majirani wakachoka na mlio wake, ukaivuta ikanyooka, ikalegea, ikaharibika. Uliiharibu kazi yako mwenyewe kwa mkono wako, macho yamejaa maji. Ukaniambia, hirizi shavuni, "Hukuona kitu, Somoe. Niapie. Mama asijue mpaka anakufa."

Nikaapa. Ningefanya nini, na mkono wako unaning'inia vile?

Mwenyekiti wa kamati akafika anahema. Ukamjibu maswali yake yote na hirizi shavuni, wao wanadhani umevunjika taya. "Springi, Ndugu Mwenyekiti. Nilikosea hesabu. Ni dhaifu." Akaipokea, akaivuta kwa vidole, haikurudi. Siku ya kikao waliniita na mimi. "Dada, wewe ulikuwa ndani. Uliona nini?" Nikakutazama. Ulikuwa unajifuta mkono mmoja kwenye suruali, taratibu, ingawa ulikuwa safi. Nikasema nilikuwa nimefumba macho.

Wakaandika kwamba gari si salama na mradi usiendelee. Hawakuwa watu wabaya. Mwenyekiti alikupa pole kwa moyo wake. Aliamini alichokishika mkononi, maana ulikitengeneza ili akiamini.

Nyumbani mama alikulisha uji kwa kijiko. Akauliza mara moja tu, "Ilikuwa nini, baba?" Ukamwambia, "Springi, mama. Nilikosea." Akasema, "Haya," akaendelea kukoroga uji ambao ulishakorogeka.

Baada ya pale uliacha shirika ukaenda kukaa Gerezani karibu na Fundi Chilumba, ukawa unatengeneza magari ya watu chini ya kipande cha bati. Mabwana wadogo wakakuzunguka, ukawafundisha. Na kila gari lililopita mikononi mwako, teksi, pikapu ya machungwa, gari la maiti, hukuliachia mpaka umelifunga springi ya mafuta ya pili. Ikishindwa moja, nyingine inarudisha. Mafundi wakaiga. Mpaka leo Kariakoo nzima, gari likiwa na mwendo wa wasiwasi, utasikia, "Funga na ya Issa." Watu wakawa wanasema, masikini, anatubu kosa lake. Nilikuwa nikisikia hivyo natamani kumrushia mtu mkasi.

Siku moja nilikufuata pale na chakula, nikakugombeza mbele ya bakuli. "Ya kwanza haikuwa na kosa. Unafunga ya pili ya nini? Unajidhalilisha bure." Ukamaliza kumeza. Ukasema, "Somoe, nilipokuwa nasoma nilifundishwa kuhesabu joto, uzito, upepo, vumbi. Hakuna aliyeniambia nihesabu mama. Magari yote ya mji huu yana mama zao. Leo anafunga hirizi, kesho shanga, kesho kutwa kitambaa cha kuzuia kijicho. Huwezi kuwakataza. Unafunga springi ya pili, wanafunga wanachotaka, mtoto anarudi nyumbani."

Nikachukua bakuli langu nikaondoka, na nililia njia nzima hadi Msimbazi.

Ukatangulia wewe. Kifua kilikuchukua. Mama alikuzika, akarudi kukaa kwenye kitanda chake, akaishi miaka mingi zaidi ya alivyotaka. Na hapa sasa ndipo hasira yangu ilipo, kaka, sikiliza vizuri.

Wiki zake za mwisho nilikuwa namkanda miguu, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza chumvi iko wapi. "Somoe, ile hirizi niliyoifunga kwenye gari la Issa, aliitupa au aliizika?"

Nikaacha kumkanda. Nikasema, "Hirizi gani, mama?"

"Usinifanye mtoto. Mwalimu alisema niifunge penye pumzi ya gari. Nikaifunga. Mlipokuwa hospitali walilileta gari kwenye mkokoteni. Nikafungua. Uzi wangu upo, umefungwa vile vile, hirizi haipo. Naye anarudi na mkono umevunjika, ananiambia springi."

"Ulijua? Siku zote hizo ulijua? Mbona hukumwambia?"

"Nimwambie ili iweje?" Akanitazama kama mtu anayeshangaa ujinga wa bintiye. "Mtoto amekuletea zawadi kwa mkono uliovunjika, wewe umrudishie? Niliipokea. Kila siku niliyomwona pale Gerezani chini ya bati, niliipokea upya. Usidhani ilikuwa rahisi."

Basi mliniweka katikati, nyie wawili! Mimi nimebeba siri ile utu uzima wangu wote, naogopa hata kutamka neno springi mbele ya mama, kumbe nabeba mzigo ambao mwenyewe keshaufungua na kuona kilichomo. Nilimgombeza, Issa. Nilimgombeza mgonjwa. Akacheka mpaka akakohoa.

Kisha akanishika mkono. "Mimi nikishaondoka, wakisema mwanangu hajui kazi, taja jina langu. Usiogope kwamba unamsema maiti. Alinibeba nikiwa hai, na mimi nimbebe nikiwa kaburini. Nitaweza."

Kwa hiyo kesho Baraka akija nitampa chai yake ya ajabu na nitamwambia afute sentensi ile. Nitamwambia springi ilikuwa nzima, niliisikia ikifunga. Nitamtaja mama, na mwalimu wake, na kaniki yangu. Najua ataniuliza, maana ni kijana mwenye akili: kama ya kwanza haikuwa na kosa, kwa nini mhandisi yule alifunga ya pili maisha yake yote? Nitamwambia aandike jibu lako kama ulivyolisema, na kama halienei ukutani waongeze ukuta. Si tulivunja wa choo?

Nimekasirika na nimekukumbuka, kaka, na siku hizi siwezi tena kuvitenganisha. Msalimie mama. Mwambie nimesema. Na kama huko mliko mmeshaulizana habari ya kile kitambaa, naomba mlicheke jambo hilo wote wawili, maana huku duniani mlinyimana kicheko hicho.

Wako wa kiti cha kushoto, aliyekusomea kona,

Mdogo wako,
Somoe